Mwanga Mwekundu Kinywani mwa Bikizee

Neno moja la yule bikizee lingenirudisha nyumbani. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha, mama yangu alikuwa hajiwezi kule Kenya, na mwanawe bikizee, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kazi yangu, alishikilia pasipoti yangu. Kila nikimwuliza alinijibu, "Bado." Katika nyumba ile ya mtaa wa Al-Naseem hakuna aliyeweza kumpinga isipokuwa mama yake, naye aliniahidi kwamba atasema naye.

Kabla hajasema, dawa za saratani zikamchoma kinywa. Ulimi, midomo, mashavu kwa ndani, kote vidonda. Hata maji yalimtoa machozi. Akaacha kuongea kabisa.

Hospitali wakasema kuna tiba ya mwanga: kijiti chenye taa nyekundu kinamulika vidonda, hakichomi wala hakiumi, na vidonda hupona upesi. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mtaalamu alikuwa mwanamume, na yule wa kike alikuwa likizoni. Bikizee, ambaye hata shemeji zake hawakuwahi kuona kidevu chake, akaishika nikabu kwa mikono miwili na kutikisa kichwa. Mwanawe akambembeleza, akakasirika, akatoka nje kupiga simu.

Mimi pia nilikasirika. Vidonda vilikuwa vyake, lakini safari ilikuwa yangu. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, mdomo hauna jina. Tufunike hayo mengine."

Nilikuwa na mtandio wa akiba mkobani. Nikamfunika paji, mashavu na ile miwani myeusi ya kukinga macho waliyomvika, nikaacha kinywa peke yake. Nikabu iliyopinduliwa, kwa kweli. Akafikiri kidogo, kisha akafungua kinywa.

Tukawa tunarudi siku baada ya siku, mimi nimeshika mtandio usiteleze, huku nikiomba. Vidonda vikaanza kufunga. Kwanza akameza maji, halafu uji mwepesi, halafu akanigombeza kwamba supu imezidi chumvi. Nilifurahi kugombezwa, hebu fikiria! Wakati huo kwetu mama yangu hakuweza tena kushika simu. Dada yangu ndiye aliyenieleza hali yake, na kila mara alipunguza maneno.

Jioni moja mwanawe aliingia nikiwa namlisha bikizee. Nikaona saa yenyewe ndiyo hii.

"Mama," nikasema, "uliniahidi utamwambia baba huyu kuhusu safari yangu."

Bikizee akanishika mkono kwa upendo kabisa, akamgeukia mwanawe. Sauti yake ilitoka safi.

"Huyu haendi, halas, basi. Nikiugua tena, nani atanifunika?"

"Umesikia," mwanawe akaniambia, akatoka.

Nilitaka kupiga mayowe. Nilimchukia, na mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Kisha akauondoa, akafungua kinywa chake kizima, kisicho na kidonda hata kimoja, akangoja nimlishe.