Jeneza Lilipopita Kiwanda cha Barafu

Husseni hakuwa mtu wa makuu. Ukimwambia njoo, anakuja. Ukimwambia kaa, anakaa. Tangu alipokimbia vita kijijini Mucojo na bintiye mgongoni, mkewe Somoe akapotelea porini asionekane hai wala maiti, moyo wake ulikufa ganzi. Watu wakimpa pole hujibu, "Nimeshapoa," basi, yameisha.

Bandarini Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, akapata kazi ya kuangalia mashine za barafu. Majaribio miezi mitatu; akifaulu anapewa chumba hapo hapo kiwandani, na bintiye Nazira, anayelelewa na shangazi yake mjini Pemba, aje akae naye. Hicho ndicho kitu pekee alichokitaka duniani, na hata hicho alikitaka kimyakimya.

Shida ya kiwanda ilikuwa kabati la umeme. Ukiliacha wazi, hewa ya chumvi inakula nyaya, ukilifunga, linachemka. Dona Olívia, fundi mkuu, akalifunga kabisa, akachomeka kijibomba juu yake. Hewa ya kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa, inaingia humo kwa nguvu, inazunguka, ya moto inatokea huku, ya baridi inashuka kabatini. Inakuwaje? Jamani, muulizeni Dona Olívia!

"Kompresa ikizimwa, tangi lina hewa ya dakika kumi," alimwambia Husseni. "Zikipita hizo kabati linaungua, na wewe kazi huna."

Zikabaki siku mbili miezi mitatu itimie. Saa saba mchana jeneza likapita barabara ya kiwanda. Sasa kompresa ile ina makelele ya kukera, na watu wetu hawapitishi maiti penye makelele: redio huzimwa, mashine ya kusaga husimama. Husseni akaizima. Nani angefanya vingine? Akatoka mbio, akatia bega chini ya jeneza. Hatua chache tu za thawabu, kisha unampisha mwenzio, ndiyo desturi.

Hatua zikatosha. Mtu wa nyuma akamgusa. "Kaka, nipishe na mimi."

"Niache kidogo," Husseni akasema.

Hakuachia mpaka makaburini. Akashika jembe, akafukia mpaka mwisho, akakaa na dua yote. Alijua fika kwamba kabati linachemka. Alijua, na miguu ikakataa kurudi.

Aliporejea, kiwanda kilikuwa kimya, kinanuka plastiki iliyoungua. Dona Olívia alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Ulikwenda wapi?"

"Kuzika."

"Marehemu ni nani wako?"

"Simjui. Hata jina sikuuliza."

Hakumfokea; afadhali angemfokea. Akasema tu, "Acha funguo mezani, Husseni."

Akaziacha. Hakuomba, hakujitetea. Alikaa nje ya geti akingoja uchungu umfike, haukumfika. Wallahi, mtu anaweza kuchoshwa hata na kuumia. Alasiri akampigia bintiye.

"Baba, nifunge mizigo?"

"Bado, mwanangu. Kazi imekwisha. Nilikwenda kuzika, nikachelewa kurudi."

Nazira akauliza polepole, "Mama amepatikana?"

Husseni akageukia barabara ya makaburini.

"Hapana, mwanangu. Huyo alikuwa wa wenzetu."