Zawadi ameunganisha diski tatu, mi nimenuna

Leo nimemupigia mutu makofi huku roho inaniuma.

Mwaka wa tano sasa mi ndiye fundi wa ordinateri, hizi kompyuta, hapa kwenye radio. Diski yetu imejaa, ya kununua mpya hakuna. Asubuhi nikaanza kufuta matangazo ya zamani ya watu wanaotafuta ndugu waliopotezana mu vita.

Zawadi, dada wa Uvira mwenye miezi miwili tu kazini, akanizuia.

“Kaka, ngoja. Usifute bado.”

Akatoa diski tatu ndogo kwenye mashine zilizokufa, akazifunga mu serveur, kompyuta kubwa inayotunza sauti zetu, akaandika amri chache. Zote tatu zikawa nafasi moja kubwa.

“Tukipata ingine tutaiongeza tu,” akasema.

Nikamujibu mbele ya watu wote: “Hiyo haifiki hata midi!”

Saa sita mchana ikafika, bado inafanya kazi. 😒

Chef wa radio akaita kila mutu, tukamupigia makofi. Jamani, mi sijawahi kupigiwa!

Halafu mama mumoja wa mtaa wa Musaga akaingia, akauliza kama kuna mutu alishamutafuta. Zawadi akapekua, akapata sauti ya mudogo wake akimutafuta, ya mwaka jana. Tangazo lenyewe lilikuwa kwenye orodha yangu ya kufuta.

Mama akalia, akamushika Zawadi mikono yote miwili.

Na mi nimesimama pale, badala ya kushukuru Mungu, najiuliza kwa nini hakushika yangu.

Nimetoka bila kumuaga. Niambieni ukweli: kesho nimuambie nini?