Ubeti wa Loveness

Kule Malindi ya milima ya Lushoto, si ile ya pwani, watu hawakujua tena wamwite nani. Kabla ya mvua zile Rahabu alikuwa Mama Loveness, jina lililomkaa kama kanga iliyozoea mwili. Baada ya mvua wengine walianza kumwita Mama Kristian, kwa mtoto wa kiume aliyemzaa miezi miwili baadaye, na wengine, kwa kuogopa kukosea, walisema tu "mama" wakaangalia pembeni. Ni Fanueli mumewe peke yake ambaye hakubadilisha. Alimwita Mama Loveness kama zamani, naye aliitika kama zamani.

Rahabu aliishia darasa la saba. Sekondari yake ilikuwa kwaya. Aliingia akiwa na miaka kumi na saba, na mwalimu wa kwaya alikuwa Fanueli, kijana mrefu mwenye shamba la karoti ng'ambo ya bonde. Fanueli alimpima sauti akamweka sauti ya pili. Wiki ya tatu akamhamishia sauti ya kwanza, akamsimamisha mbele. Watani wakasema mwalimu anamhamisha mtoto wa watu kidogo kidogo kuelekea nyumbani kwake. Hawakukosea. Mwaka uliofuata walifunga ndoa kanisani, kwaya yote ikiimba, bwana harusi akijisahau na kupunga mkono kuongoza sauti za besi.

Loveness alikuwa na miaka sita ilipokuja ile Aprili. Siku hiyo hakwenda shule, alikuwa na homa. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumua. Fanueli alikwenda shambani kuzibua mifereji, na Rahabu, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa jikoni nje akikoroga uji wa mgonjwa. Mchana wa saa nane ukingo wa nyuma ya nyumba uliteremka wote, pamoja na migomba, ukalalia chumba cha mtoto. Majirani walipofika na majembe na kumtoa, walimkuta amekwisha kufa.

Siku ya msiba kila aliyeingia aliambiwa neno moja, na neno hilo lilitoka kinywani mwa Rahabu: alikuwa amelala, hakujua kitu. Wanawake walilipokea kama mtu anavyopokea maji. Angalau, walisema. Angalau hakuteseka.

Kwaya zetu haziachi jambo kubwa lipite bila wimbo. Ajali ikitokea, daraja likisombwa, mchungaji akifa, mwalimu atakaa chini atunge, na wimbo utataja tarehe, mahali na majina, ili wajao wajue. Fanueli alikaa miezi mitatu bila kutunga chochote. Kisha asubuhi moja akaja mazoezini na karatasi, akaandika ubaoni beti nne bila kumtazama mtu. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mvua, wa pili wa majirani, wa nne wa tumaini. Wa tatu ulikuwa wa Rahabu kuimba peke yake:

*Udongo uliposhuka, Loveness alikuwa amelala,*
*hakulia, hakuita, alikwenda na usingizi wake.*

Rahabu aliusoma ubaoni, akaurudia mara ya pili. Maana yeye peke yake, ndivyo alivyoamini, alijua kwamba Loveness alilia, na aliita.

Alimsikia chini ya udongo. Mwanzo alidhani ni paka. Alichimba kwa mwiko, mwiko ukavunjika, akachimba kwa mikono, tumbo likimzuia kuinama. Akaona peke yake hawezi. Akakimbilia barabarani kuita watu, na aliporudi alimkuta Fanueli amefika, amepiga magoti kwenye tope, na chini kulikuwa kimya. Akamtazama mumewe usoni. Akaona mtu ambaye ukimwongezea hata unyoya ataanguka. Ndipo akamwambia alikuwa amelala. Alisema kwa huruma, kama unavyomfunika mtu nguo. Hakujua kwamba nguo hiyo itashonwa iwe wimbo, na wimbo atavishwa yeye.

Kukataa kuimba kungehitaji sababu, na sababu ndiyo hiyo asiyoweza kuitamka. Akaimba.

Wimbo ulipendwa. Mtu aliurekodi kwa simu, simu ikapelekea simu nyingine, na mwaka uliofuata, Kristian akiwa anajifunza kutembea, barua za mwaliko zikaja kutoka Lushoto mjini, Rangwi na Magoma. Kwaya ikashona sare za kitenge cha zambarau, ikakodi basi dogo, ikaondoka kwa ziara ya siku nne. Rahabu alimbeba Kristian mgongoni. Alipoimba, mtoto alishikwa na Secilia, shoga yake wa sauti ya pili, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Secilia ndiye aliyeona jambo ambalo hata Fanueli hakuliona. Alisema kwenye basi, akicheka, kwamba tangu azaliwe Kristian, yeye hajawahi kumsikia Rahabu akimwambia mtoto alale. Anampigapiga mgongo, anamwimbia, anamtajia ng'ombe na kuku wote wa Malindi, lakini lala hamwambii.

"Labda mwanao analala kwa hiari," alisema Secilia. "Wa kwangu mpaka nimtishie."

Rahabu alitabasamu, akamgeuzia mtoto dirishani aone mashamba ya kabichi.

Lushoto mjini kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Valentino, alikuwa na kawaida ya kutangulia na maneno. Alisema wimbo unaofuata si wa kubuni, mama mzazi mwenyewe yupo hapa mbele yenu, ndugu zangu, mtamsikia kwa masikio yenu. Rahabu akapiga hatua moja mbele. Alipofika kwenye "hakulia, hakuita" wanawake wa viti vya mbele walifunika nyuso kwa vitambaa. Nje ya kanisa walimshika mikono, wakamshukuru. Mmoja alimwambia amezika mwanawe mwaka jana, na huo ubeti ndio unaomwezesha kula.

Rangwi walipokelewa na Wakatoliki wa misheni kwa viazi vya moto na chai ya maziwa. Jioni, akimwogesha Kristian kwenye beseni, Rahabu alijaribu kuikumbuka sauti ya Loveness, ile ya kila siku, ya kugombania karoti na kukataa kuchanwa nywele. Haikuja. Ilikuja sauti yake mwenyewe, ikiimba juu ya Loveness. Akajaribu tena, ikaja kwaya nzima. Akakaa na mtoto aliyelowa mapajani, akihisi kana kwamba udongo umeshuka mara ya pili, na safari hii anaushusha yeye, ubeti kwa ubeti.

Kutoka Rangwi waliteremka mpaka Mombo, wakapita Korogwe, wakafika Magoma wakiwa wamevua masweta yote. Huku chini joto lilikuwa kama la jikoni. Wageni waligawanywa kwa wenyeji, wanaume kwao na wanawake kwao, na kwa kuwa Wakristo hawakutosha, majirani Waislamu nao wakafungua nyumba. Rahabu na Secilia walipangiwa kwa Bi Salama, mjane wa makamo aliyekuwa akiuza mchele sokoni. Rahabu alimwamkia shikamoo, akapokelewa marahaba na mtoto akachukuliwa mgongoni papo hapo kama wamejuana miaka. Wakati wanapepeta mchele wa chakula cha mchana, Bi Salama alisema ameusikia ule wimbo kwenye simu ya mjukuu wake. Hakusema ni mzuri. Aliuliza, "Mwanao alikuwa anapenda nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Rahabu alifungua kinywa, na kilichomjia ulimini kilikuwa *alikuwa amelala*. Akakifunga. Bi Salama alingoja, akipepeta. Rahabu akasema kwamba alipenda kukaa macho. Ilikuwa vita kumlaza. Alikuwa akisema usingizi hauji, uende ukaitwe.

Bi Salama alicheka kidogo, akasema hao ndio watoto. Rahabu aliinamia ungo, machozi yakadondokea mchele.

Tamasha lilifanyika alasiri, chini ya turubai, mbele ya kanisa. Watu wa Magoma walikuwa wameushika wimbo wote kabla ya kwaya kufika. Ubeti wa kwanza waliimba pamoja nao, wa pili vilevile. Ulipofika wa tatu Rahabu alipiga hatua yake moja mbele, akavuta pumzi, na sauti haikutoka. Haikumkwama. Aliikataza. Lakini wimbo haukusimama. Watu waliuchukua wakauimba wenyewe, wanaume, wanawake, na watoto walioketi mkekani mbele, wakiukaza kwa mapenzi: *hakulia, hakuita*. Walidhani mama amezidiwa, wakamsaidia. Wanawake wakatoka na kanga zao, wakamfunga mabegani moja juu ya nyingine, kama desturi ya kumtuza mwimbaji, mpaka akawa amesimama katikati ya joto lile amezongwa nguo, kinywa kimefungwa, akiusikiliza uongo wake ukiimbwa na watu mia tatu.

Fanueli aliongoza mpaka mwisho. Macho yake hayakutoka kwenye kinywa cha mkewe.

Alimkuta nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji, akizivua kanga na kuzikunja. Alimuuliza kwa upole kama ni joto.

"Hakuwa amelala," alisema Rahabu.

Fanueli aliinama akafunga bomba la tangi.

"Aliniita, Baba Loveness. Nilimsikia kama ninavyokusikia wewe. Nikachimba, nikashindwa. Nikamwambia, lala mwanangu, nakwenda kuita watu, ukiamka utanikuta. Mimi ndiye niliyemwambia alale. Halafu wewe ukalitungia wimbo."

Alisubiri amwone anavunjika. Ndiyo maana alinyamaza mwaka mzima na zaidi, ili asimwone anavunjika. Fanueli aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akazitazama kucha zake, ambazo kwa mkulima wa karoti hazitakati kamwe.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilipofika alikuwa anaongea bado. Wewe ulikuwa barabarani." Alimeza mate. "Alisema, baba, mwambie mama usingizi hauji."

Upande wa mbele watu walikuwa wanacheka, sahani zinagongana. Rahabu alibaki ameshika kanga moja, nusu imekunjwa.

"Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia wewe umekwisha fika."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza."

Fanueli akaendelea taratibu, kama mtu anayetua mzigo kwa kuogopa kuuvunja. Alisema aliporudi Rahabu na kumwambia mtoto alikuwa amelala, alidhani Mungu amemficha mkewe asisikie. Akaona heri abaki amefichwa. Akautunga ule ubeti kuwa ukuta wa kumzuia asije akafikiria vingine. Kila mkewe alipouimba, alimtazama akashukuru kwamba kuna mmoja wao anayeamini.

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa amemjengea mwenzake ukuta, na mtoto akabaki katikati, hana wa kumsikiliza. Rahabu alitaka kulia, hakuweza. Alichokifikiria kilikuwa kidogo tu: kwamba alitumiwa ujumbe, na umemfikia leo.

Mzee Valentino alikuja akiwatafuta. Wenyeji wanaomba wimbo ule kwa mara ya mwisho, wa kuagana, alisema, na mwalimu asiwanyime. Walitazamana. Fanueli alisimama, akamsaidia mkewe kujifunga kanga moja kiunoni, wakarudi.

Safari hii ulipokaribia ubeti wa tatu Fanueli alikunja ngumi hewani, ile alama ya kunyamaza ambayo kila mwanakwaya anaijua hata usingizini. Kwaya ikanyamaza yote, kama taa iliyozimwa. Rahabu alishika pumzi. Alitamani kimya kile kikae japo kidogo, kiwe cha Loveness, cha yule aliyelia na kuita.

Lakini kwaya unaweza kuinyamazisha, watu huwezi. Mtoto mmoja mkekani alianza, wengine wakamfuata, na Magoma nzima ikauimba ule ubeti mpaka mwisho, polepole, kwa sauti tamu ya watu wanaofariji. Ngumi ya Fanueli ilikuwa bado hewani. Ilikaa pale kwa muda, kisha ikafunguka, ikashuka. Wimbo haukuwa wao tena. Huko nyuma Bi Salama peke yake alikuwa hajafungua kinywa, amempakata Kristian, anamtazama Rahabu.

Asubuhi yake waliondoka. Basi lilipoanza kupanda milima, hewa ikapoa, masweta yakarudi, na kwenye kona za Soni wanakwaya wengi walikuwa wanasinzia. Fanueli alikuwa ameketi karibu na mkewe, jambo ambalo mwalimu hakulifanya katika ziara. Mara moja tu alimwita, Mama Loveness, akampa maji.

Kristian alikuwa msumbufu. Alijinyonganyonga, akalia, akafikicha macho, akalia tena. Secilia aligeuka kutoka kiti cha mbele akasema mlaze huyo, amechoka. Rahabu alimpandisha kifuani, akamfunika kwa ile kanga ya Magoma. Mtoto alimtazama kwa macho mazito yasiyotaka kufumba.

"Usilale basi," alimwambia kwa sauti ndogo. "Kama hauji, usilale. Mama nipo."

Fanueli aligeuza uso wake dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika.