Bushi ya Mama Mkubwa Boke

Dizeli ikinuka peke yake hainisumbui. Nimeishi mijini miaka mingi, nimeizoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Lakini majuzi nilikuwa Tarime mjini kutafuta spea ya gari langu, gari lenye umri wa kuamkiwa shikamoo, nikasimama mlangoni mwa duka lililopakana na bucha. Dizeli ikaja kutoka upande huu, mafuta ya ng'ombe kutoka upande ule, zikakutana puani mwangu, nikasahau nilichofuata. Kijana wa dukani alinisubiri kwa adabu mpaka akachoka.

"Mama, bila sampuli hatutaelewana," akasema. "Lete ile ya zamani."

Nikacheka. Alidhani namdharau, na sikuwa na nguvu za kumweleza. Nitawaeleza ninyi.

Miaka ya vijiji vya ujamaa tuliishi kwenye kijiji cha ufukweni mwa ziwa, upande ambao siku hizo ulihesabiwa bado kuwa Tarime. Baba, Mjaluo wa hapo hapo, alikuwa dereva wa boti ya kijiji. Mama alikuwa Mkurya wa Susuni, na dada yake mkubwa, Mama Mkubwa Boke, aliolewa ng'ambo ya mpaka, si mbali na Isebania. Injini ya ile boti iliachwa na mfanyabiashara mmoja aliyeondoka nchini kwa haraka, na hata yeye nasikia aliinunua ikiwa imeshachoka. Ilikaa katikati ya boti kama bibi mgonjwa aliyeletwa sebuleni ili asipitwe na mazungumzo.

Nyumbani kwetu injini ile haikuwa habari ya maendeleo. Mdogo wangu alizaliwa hai kwa sababu mchana mmoja ilimvusha Mama kwenye ghuba hadi hospitali, Baba akiwa ameshika usukani huku hatazami nyuma. Tangu hapo aliihudumia kwa subira ambayo sisi wanawe tuliionea wivu kidogo.

Ugonjwa wake ulikuwa bushi. Bushi ni kipande cha shaba kama pete nene, na mhimili unaozungusha propela hupita ndani yake kutoka kwenye boti kwenda majini. Ile yetu ilikuwa imelika upande mmoja, tundu limekuwa na umbo la yai. Mhimili ukacheza ndani yake, boti nzima ikatetemeka, maji yakaingia. Baba alikata ukanda wa ngozi ya ng'ombe, akaupaka mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa, akausokomeza kwenye uwazi kwa koleo. Hapo boti ilitulia na kwenda vizuri, ikakusahaulisha kwamba ni nzee. Baada ya safari kadhaa ngozi iliisha, naye akakata nyingine. Ndiyo maana Baba alinuka bucha na gereji kwa pamoja, na ndiyo maana paka wa kijiji walimpenda.

Bushi mpya haikupatikana. Musoma walisema nenda Mwanza, Mwanza wakasema andika barua, na barua ikaenda ilikokwenda. Duka letu la kijiji lenyewe lilijivunia kuwa na chumvi na kiberiti kwa wiki moja. Ng'ambo mafundi wa kuichonga walikuwepo, lakini mpaka ulikuwa umefungwa. Basi ilibaki njia ya ukoo. Mpaka ulifungwa kwa malori. Shangazi na mama wakubwa waliendelea kupita kwenye mashamba ya mahindi kama kawaida, maana hakuna serikali iliyowahi kumzuia mwanamke wa Kikurya aliyeamua kwenda kumsalimia mdogo wake.

Mama Mkubwa alipokuja kututembelea, Baba alitoa bushi ya akiba, iliyochakaa vile vile, akaifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Shemeji, hii ndiyo sampuli. Fundi aifuate. Isitofautiane hata unywele."

"Hata unywele," akaitikia Mama Mkubwa, akaitia kifuani.

Mama Mkubwa akiwa bado hajarudi, Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Alituambia kwamba injini za vijiji zitakaguliwa na afisa kutoka wilayani. Iliyo nzima itapelekwa kijiji cha mfano, ng'ambo ya ghuba. Iliyokufa itabomolewa iwe spea za nyingine.

"Na iliyo mgonjwa?" akauliza mzee mmoja kutoka nyuma.

"Hakuna fungu la wagonjwa," akasema Mwenyekiti. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikaona anatazama vidole vyake kama mtu anayesoma kitu.

Mimi nilielewa jambo moja tu katika mkutano ule: bushi isipofika, injini itabomolewa, na mwanamke mwingine akishikwa na uchungu atavushwa kwa kasia. Nikawa naomba kila jioni kwa Mungu wa Wasabato na, kwa tahadhari, kwa yule wa Wakatoliki pia.

Mama Mkubwa alifika mchana, ana vumbi hadi kwenye nyusi, kikapu cha unga wa wimbi kichwani. Hakutaka hata maji. Aliingiza mkono ndani ya unga na kutoa bushi mbili: moja nyeusi ya zamani, na moja mpya inayong'aa kama jino la dhahabu. Kisha akakaa, akaanza kutusimulia.

Fundi wa kukereza vyuma, kijana bado, alitaka kumharibia. Alitaka kutoboa tundu la mviringo, limenyooka, kama la bomba. "Nikamwambia, mura, mimi sikutumwa bomba. Angalia hapa, upande huu pana bonde. Weka bonde. Akaniambia, mama, hilo bonde ni uchakavu. Nikamwambia, uchakavu ni wa kwenu, kwetu ndivyo ilivyo. Nikavuta kigoda nikakaa. Kila akipunguza nampa sampuli anapima. Hata huu mkwaruzo, mnauona? Aliuruka. Nikamrudisha."

Baba aliipokea bushi mpya. Aliingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha taratibu, akaiinua kwenye mwanga. Umbo la yai lilikuwepo. Bonde lilikuwepo. Mkwaruzo ulikuwepo. Kuku wakaanza kudonoa unga uliomwagika.

"Shemeji," akasema, "hii ni ile ile."

"Sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Mama Mkubwa akapiga makofi kwa furaha. Mama, aliyekuwa ameuona uso wa mumewe, alisema, "Kipya kinyemi," na akaacha methali hapo, bila kidonda chake. Usiku ule mgeni alipewa kichwa cha samaki aina ya mbuta, na Baba ndiye aliyemmegea.

Kesho yake bushi mpya ilifungwa, na ukanda wa ngozi na mafuta juu yake, kama zamani. Boti ikaenda kimya, laini. Kijiji kikasifu shaba ya ng'ambo. Mwenyekiti akasema sasa afisa aje hata leo.

Alikuja. Asubuhi ya siku hiyo boti ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, nikamkuta Baba ameinama kwenye propela na koleo. Aliuvuta ule ukanda wa ngozi wote, ukatoka mrefu kama utumbo wa samaki, akaukunja na kuutia mfukoni.

"Baba, umesahau kuurudisha," nikamwambia tulipokuwa tunaisukuma boti majini.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "nenda kamsaidie mama yako."

Afisa alivaa viatu vyeusi vilivyosuguliwa vizuri. Walikwenda hadi katikati ya ghuba na kurudi. Kutoka ufukweni tulisikia injini ikigonga, tukaona kofia ya Mwenyekiti ikitetemeka kichwani kama ina homa. Waliposhuka, viatu vya afisa vilitoa maji kila alipokanyaga.

"Ndugu Mwenyekiti, hii mnaiita injini?"

"Inatembea, ndugu," akajibu Baba.

"Hata mlevi hutembea." Afisa alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akakimimina. "Kijiji cha mfano nikiwapelekea hii wataniuliza walinikosea nini. Na kuibomoa siruhusiwi, imetembea. Kaeni nayo. Kaeni nayo kabisa."

Mwenyekiti alimfokea Baba mbele ya watu, kwamba amekiaibisha kijiji. Vijana wakampa jina la Tetemeko, likamganda mpaka uzeeni. Nami nililia kwa hasira, kwa sababu niliona kosa si lake, ni la Mama Mkubwa na kigoda chake. Siku iliyofuata boti ilikwenda laini tena, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana watu walikuwa wamechoka na habari za injini.

Mama Mkubwa alipokuja tena, Baba alimwambia, "Shemeji, bushi yako ndiyo iliyookoa injini." Mama Mkubwa alilisimulia neno hilo kila harusi na kila msiba hadi alipozikwa. Sisi watoto tulitazamana. Tulidhani Baba ni mtu wa adabu sana.

Nilisoma mpaka chuo kikuu, nikaandika kurasa nyingi kuhusu maendeleo vijijini, na bado sikuelewa. Kilichonielewesha ni gari. Kila nilitengenezapo likatulia, ndugu zangu huja kuliazima, mmoja baada ya mwingine, na hurudi wiki ya pili likiwa na matope hadi kwenye vioo. Likitetemeka hulisifu kwa mbali na kupanda basi. Nilikuwa nimesimama pale dukani, katikati ya dizeli na bucha, ndipo nikauona tena ule ukanda wa ngozi ukiingia mfukoni. Bushi ingekuja nzima, boti isingetetemeka hata bila ukanda, na injini ingechukuliwa. Kumbe fungu la wagonjwa lilikuwepo. Baba alilitafuta kwenye vidole vyake palepale mkutanoni, na Mama Mkubwa akamletea kutoka ng'ambo, ndani ya unga, bila wote wawili kujua.

Nilimshukuru yule kijana, nikaondoka bila spea. Baba hakuwa akimwonyesha shemeji yake adabu. Alikuwa akimpa taarifa.