Ikupa na Mawe Kumi na Moja ya Mbebe

Mwaka 1975, watu wa Mbebe walipohamishwa milimani kwenda kukaa katika kijiji cha ujamaa kando ya barabara, Ikupa Mbonile alibeba kila kitu isipokuwa makaburi. Yalibaki kumi na moja: ya wazazi wake, ya mumewe na ya ndugu wengine.

Miaka saba baadaye alipanda kwenda kuwatazama. Mahali pale kijiji kilikuwa kimempa mkulima mgeni, Andongwisye, na kona ya makaburi ilijaa magugu hadi kifuani. Ikupa akaanza kufyeka.

"Mama, unafanya nini shambani kwangu?"

"Nasafisha kwa mume wangu, mwanangu."

Andongwisye akashtuka. Aliona makaburi yakijulikana, ukoo utarudi kudai ardhi. "Hapa hakuna makaburi. Rudi kijijini."

Ikupa hakurudi. Alipapasa nyasini, akagusa jiwe, akalifuta kwa kanga yake. "Huyu ni baba. Alikuwa kiziwi, ukimsalimia paza sauti." Akasogea kidogo. "Huyu shangazi Loisi. Aliolewa mara tatu, na harusi zote tatu alichelewa."

Andongwisye alijikaza asicheke, akashindwa. Jiwe baada ya jiwe akamfuata, na walipofika la saba aliuliza mwenyewe, "Na huyu?"

"Huyo ni Lwitiko, mume wangu." Ikupa akalifuta jiwe kwa kanga. "Aliimba vibaya kanisani, tena kwa sauti kubwa. Mwanangu, shamba ni lako, lima uvune. Mimi sitaki ardhi. Nataka hawa wasipotee."

Andongwisye akachukua panga lake. Wakafyeka pamoja mpaka mawe yote yakaonekana. Wiki ile ile akapanda ua wa minyaa kuzunguka kona nzima, akasogeza maharage yake nyuma. Katibu wa kijiji alipomuuliza mbona amepunguza shamba, alijibu, "Nina majirani."

Baada ya mavuno ukoo ulipanda na ugali, maharage na kuku wawili. Andongwisye ndiye aliyewatembeza wageni, akieleza habari za kila marehemu kama shemeji aliyeishi nao, na alipokosea wazee walimsahihisha kwa furaha.

Walipomaliza kula, Ikupa alikwenda kando ya Lwitiko, akatandika kanga, akajilaza chali.

"Mama, unaumwa?" Andongwisye akauliza.

"Napima. Hapa pananitosha, usipande kitu." Akainuka, akajikung'uta majani. "Lakini msiniharakishe."