Maneno Yanatafuta Pa Kukaa

Mshonaji wa chumba cha pili anaapa kwamba mpiga picha amerudi. Anasema asubuhi hii, akiwa anatia uzi kwenye sindano, amemsikia kwa masikio yake mwenyewe mke wa mpiga picha akibembeleza: "Sogea kidogo basi, bwana. Sogea nipate pa kukaa." Sauti ya pili hakuisikia, lakini hilo halikumtia shaka. Mwanamume mwenyewe, anasema, tangu zamani maneno yake ni ya kuvuta kwa kamba.

Basi anaacha gauni la watu kwenye cherehani, anakwenda moja kwa moja kumpongeza mama mkwe. Wanaingia chumbani wawili, mama mkwe akiwa na kiatu kimoja mguuni. Wanamkuta mkwe peke yake mbele ya kompyuta, anaisogeza picha ya tanuri la mikate, mara kulia, mara kushoto.

"Nilikuwa naongea na mwokaji hapa pichani," anasema.

Mshonaji anacheka mpaka anashika mlango. Mama mkwe hacheki. Anakaa kitandani, anauangalia mguu wake ulio peku.

Huyu ndiye Mama Pazia, kama mtaa unavyomwita, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kurasa za tovuti, zile zenye picha kubwa nyuma na maneno juu yake. Wateja wanataka vyote viwili vionekane. "Picha haitaki," anasema. "Picha ina mambo yake. Herufi nyeupe ukiiweka juu ya wingu, imekwenda. Nyeusi ukiiweka juu ya nywele za mtu, imekwenda."

Dawa yake ni weusi mwepesi anaoutandaza kati ya picha na maneno, kama pazia jembamba, picha ionekane kwa nyuma na herufi isimame mbele. Mwanga wa herufi na wa mahali inapokaa, mmoja uuzidi mwingine angalau mara nne na nusu. Kompyuta inampimia. Kisha anamwita mama mkwe, mwenye miaka sitini na minane, asimame mlangoni bila miwani. Akishindwa kusoma, kazi inarudiwa.

"Unaniwekea sisimizi," mama mkwe humwambia, "halafu unaniuliza wameandika nini."

Kwa mwezi anapata kurasa nne, mwezi mzuri tano. Malipo ya ukurasa mmoja yanawalisha wawili hao wiki nzima, wakijibana.

Zamani hakuhitaji pazia. Mumewe alipiga picha, yeye akaweka maneno, meza moja, kompyuta moja. Kabla ya kubonyeza, mume alikuwa na kawaida ya kurudi nyuma hatua mbili, akaacha upande wa kushoto wa picha mtupu: ukuta, anga, meza isiyo na kitu.

"Nilimuuliza, huku kutupu kwa nini? Akanijibu, huko ni kwako."

Miaka miwili na nusu iliyopita mume alipata mkataba wa kupiga picha za majengo katika mji wa mbali. Ulikuwa wa mwaka mmoja, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Kila mwezi anatuma picha za kumsaidia mkewe kazini. Miezi ya mwanzo zilikuja na ule upande wa kushoto. Baadaye zikaanza kuja zimejaa pembe hadi pembe. Mama mkwe alizitazama, akasema mwanawe siku hizi anapiga picha kama mtu anayekimbilia gari.

Mke akaendelea kuzitumia. Ila alikosea.

Alikuwa anatengeneza ukurasa wa nyumba ndogo ya uzazi. Mume alimtumia picha ya mama na mtoto mchanga, naye akaweka namba ya simu kushoto kwa mazoea, nyeupe, bila pazia. Kwenye kioo kipana cha kompyuta namba ilikaa juu ya giza la dirisha. Kwenye simu, ambako picha hukatwa pembeni, ilitua juu ya blanketi jeupe la mtoto, ikapotea. Siku kumi na moja hakuna aliyepiga. Mkunga akaja kwa miguu.

"Mwanangu," akamwambia, "namba yangu umeifunika blanketi, imelala na mtoto wa watu."

"Sikuangalia," anasema sasa, taratibu. "Nilizoea kuwa upande ule ni wangu."

Tangu hapo hakuna picha inayotoka mikononi mwake bila pazia, na jina likamkaa.

Lakini pazia nalo lina mwisho wake. Mwokaji wa mtaa wa pili amejipigia picha kwa simu: tanuri, rafu, mikate, yeye mwenyewe, shemeji zake watatu, wote wamo. Mama Pazia alipoongeza weusi hadi maneno yakasomeka, mwokaji aliitazama kazi kwa muda, kisha akauliza kwa upole ni nani aliyeiunguza mikate yake.

Inahitajika picha mpya. Mpiga picha mwingine yupo barabara ya pili, tena ana nafasi. Mama Pazia amemwomba mwokaji asubiri hadi Ijumaa.

Mkataba wa mume unaisha kesho, Alhamisi. Kama ataongeza au anarudi, hajasema. Mama mkwe amemuuliza kwa simu mara mbili. Mara zote mbili mtandao ukawa mbaya hapo hapo.

Mkewe ana mpango. Chumba cha mbele amekwishakiondoa vitu, akapaka ukuta mmoja rangi ya kijivu, wa kupigia picha. Anataka duka moja, mteja aingie hana kitu atoke na picha yake na maneno yake. "Nusu ya duka ninayo," anasema. "Nusu iko huko."

Jumatatu alimwandikia: "Mwokaji anataka picha. Nimemwambia mpigaji yuko njiani. Njoo uipige wewe."

Ujumbe ulifunguliwa jioni ile ile; simu inaonyesha hivyo, jibu bado. Leo ni Jumatano, saa saba mchana. Ameiegemeza simu kwenye kompyuta, kioo kikimtazama, na anaendelea kuisogeza mikate.