Handaki Chini ya Jiko

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikulia katika mji mdogo ulio mlimani, juu ya mji wa Wamagana. Aliolewa Nanyuki akiwa msichana, na hakurudi tena. Mwaka jana aliniomba nimpeleke. Sikujua anatafuta nini, naye hakusema.

Nilichojua ni kwamba wakati wa vita vya msituni dhidi ya wakoloni nyumba za huko zilichomwa, watu wakakusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Vita vilipoisha, wenye mashamba walirudi kwao. Wasio na ardhi walibaki, wakajenga upya palepale. Ndio mji wa leo: maduka ya mawe, kanisa, duka la dawa za mifugo, pikipiki zikingoja abiria.

Shangazi alitembea polepole akitazama chini, si maduka. Mwishowe tukaingia hoteli ndogo, tukaagiza chai na chapati. Mwenye hoteli, mama wa makamo, aliomba radhi kwa meza iliyoinama. Alisema sakafu, kuanzia jikoni hadi hapo, hudidimia kila masika, na mafundi wamemwaga saruji mpaka wamechoka.

Shangazi aliomba kuona jiko. Alisimama kando ya meko, akapapasa ufa kwa ncha ya kiatu.

"Saruji haitashika," alisema. "Hapa ni handaki. Mama yangu alichimba hili, mimi nikibeba udongo."

Yule mama aliacha kukanda unga. Alizaliwa katika mji huohuo, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha handaki lilipokuwa. "Cucu," alisema, tunavyowaita nyanya zetu, "lilipita wapi?"

Tukatoka sote watatu, mwenye hoteli akiwa na unga mikononi. Shangazi alituongoza nyuma ya maduka, akionyesha ukuta uliopinda, kisha mahali nyasi za nepia za kulisha ng'ombe zilipostawi kuliko kwingine. Kinyozi alitufuata, na mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa. Waliuliza walinzi walisimama wapi, watoto walikula nini. Alijibu alichokumbuka, mengine alisema yamepotea.

Karibu na kanisa alisimama.

"Lango lilikuwa hapa. Siku lilipofunguliwa, mama alitoka, akarudi, akatoka tena, kama mtoto. Alitaka kuona kama kweli hakuna wa kumzuia."

Kinyozi ndiye aliyeuliza kwa nini basi hakwenda zake. Shangazi alimjibu bila haraka kwamba mama yake alikuwa ametupa macho kila upande, na hakuona shamba lake popote.